Wifi hahitaji kuhurumiwa, anahitaji nafasi yake

*Shangazi, shikamoo. Wifi yangu amehamia kwetu akitokea Mafinga baada ya kufiwa na mumewe. Alitueleza mwenyewe, mimi na mume wangu, kwamba anaishi na VVU na anatumia dawa. Tangu siku hiyo mume wangu amemtengea kikombe na sahani. Mimi namwonea huruma, kwa hiyo simruhusu kufua, kupika wala kwenda shambani. Juzi nimemkuta jikoni analia, anataka kurudi Mafinga. Nimemkosea wapi?*
*Mama K., Uyole, Mbeya*

Marahaba, Mama K. Kosa la mume wako unaliona. Lako limejificha ndani ya huruma, ndiyo maana linakusumbua.

Tuanze na kikombe. VVU haviambukizwi kwa kula pamoja, kunywea kikombe kimoja wala kushikana mikono. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zinatolewa bure nchini tangu 2004. Anayezimeza kila siku, virusi vyake vikishuka hadi kipimo kisivione, hamwambukizi hata mwenzi wake wa ndoa. Wifi akiridhia, mume wako amsindikize CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, amuulize mhudumu yote yanayomtia hofu. Vyombo vichanganywe leo leo, bila hotuba.

Sasa wewe, mwanangu. Mwanamke aliyezoea kulima na kuendesha nyumba yake, ukimwambia kila asubuhi "kaa, pumzika", anasikia kwamba hana kazi tena duniani. Mpe sehemu yake. Yeye amenye viazi, wewe uchochee moto. Palizi ikifika, nendeni wote. Siku akichoka atasema, nawe utampokea jembe. Usimwamulie.

Wema anaouhitaji ni mdogo mdogo na wa kila siku. Saa ya dawa ikikaribia, hakikisha maji ya kunywa yapo, na usimkumbushe kwa sauti mbele ya wageni. Siku ya kliniki, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai, mkorogee uji kabla hajatoka. Akirudi, muulize habari za foleni kama unavyomuuliza mtu aliyetoka sokoni. Na habari zake zisitoke: si kwa jirani, si kwenye kikoba, si kwa ndugu ambao yeye hajawaambia. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, lakini ndani ya nyumba mlinzi wake wa kwanza ni wewe.

Tena msijione mmepatwa na jambo geni. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.3 mkoani Iringa, alikotoka wifi yako, na 9.3 mkoani Mbeya, wakati kitaifa yalikuwa karibu asilimia 5. Hapo Mbeya, KIHUMBE, yaani Kikundi Huduma Majumbani Mbeya, kilianza kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao hata kabla ARV hazijatolewa bure. Kama watu wasio ndugu waliweza, nyinyi mtashindwaje?

Mwombe radhi wifi yako kwa maneno machache, kisha umsihi abaki.

Nanyi wasomaji mlio na ndugu anayetumia dawa, mrudishieni nafasi aliyokuwa nayo nyumbani kabla hamjajua hali yake.