Somo la Familia: Unga Kidogo na Mafuta Kidogo

Masomo ya Biblia: Zaburi 104:14-15; 1 Wafalme 17:8-16; Ruthu 3:1-3; 1 Petro 3:3-4

Lengo la somo: Kujifunza kuutunza mwili na kuoka mkate nyumbani kwa vitu vichache tulivyo navyo, bila kujidhuru na bila kuuza posho ya watoto.

Wengine watashangaa kuona mchungaji anaandika habari za mafuta ya uso na mkate wa sufuria. Tunaomba msome mpaka mwisho, kwa maana somo hili limeanza na kosa letu wenyewe.

Utangulizi

Binti mmoja wa kanisa letu alikuwa anajiandaa kwa ndoa. Ametukubalia kuandika habari zake, ila bila jina. Wazazi walikuwa wamempa pesa kidogo ya kutengeneza keki ya arusi. Rafiki zake wakamwambia kwamba bibi arusi mweusi hapendezi katika picha. Akaichukua pesa ile, akanunua krimu ya kujichubua sokoni, akaificha chini ya godoro. Wiki za kwanza uso ulikuwa mweupe, watu wakamsifu. Baadaye ngozi ikaanza kuwaka, ikawa nyekundu, ikatoka vipele, na mashavuni yakabaki mabaka meusi.

Tulipomwuliza kwa nini hakumwambia mtu mapema, alijibu, "Mchungaji, niliogopa. Ulisema madhabahuni kwamba anayejipamba ni Yezebeli."

Ni kweli, tulisema hivyo. Tangu chuo cha Biblia tulilishika lile neno la 1 Petro 3 kwa upande mmoja tu. Tuliwakemea dada zetu kwa ajili ya nywele na mafuta, lakini hatukuwafundisha kitu. Basi wakaenda kufundishwa sokoni. Tumetubu mbele za Mungu na mbele ya binti huyo, na leo tunataka kufundisha.

1. Mungu ndiye aliyetoa mafuta na mkate

Katika Zaburi 104 mwandishi anahesabu kazi za Mungu: chemchemi, majani ya ng'ombe, ndege, milima. Katikati ya hayo anataja mafuta yanayoung'arisha uso wa mtu na mkate unaoutia moyo wake nguvu. Angalieni, ameviweka pamoja katika mstari mmoja. Mungu anayetushibisha ndiye huyo huyo anayependa nyuso zetu zing'ae.

Naomi alikuwa mtu aliyekimbia njaa, akaishi ugenini, akafiwa na mume na wana wawili. Aliporudi kwao mikono mitupu na mkwewe mgeni, alimwambia Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae nguo zake. Daudi naye, mtoto wake alipokufa, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akaenda kuabudu, kisha akala (2 Samweli 12:20). Hata Bwana Yesu, alipofundisha juu ya kufunga, aliwaagiza wanafunzi wanawe uso na kujipaka mafuta kichwani (Mathayo 6:17).

Hivyo mama aliyefiwa Kivu au Ituri, au aliyevuka mpaka kutoka Burundi na watoto mgongoni, hafanyi dhambi anapooga na kujipaka mafuta. Petro hakukataza usafi wala mafuta. Alikataza kuyaweka mapambo ya nje mahali pa moyo. Hayo ni mambo mawili tofauti, nasi tulikuwa tumeyachanganya.

2. Kujichubua siyo kujitunza

Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, msichana anasema waziwazi kwamba ni mweusi na ni mzuri. Hakuona haya. Ngozi nyeusi si kosa la Muumba linalohitaji kusahihishwa. Rangi yake inatukinga na jua kali, na anayeichubua anauvua mwili nguo yake.

Tena wapendwa, krimu nyingi za kujichubua ni sumu. Zipo za aina tatu ambazo mjue.

Kwanza, zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya mwilini na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mvuke wake na taulo za mtumiaji huweza kuwadhuru hata wengine wa nyumba ile. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba wa kupiga vita zebaki, ukaitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliumia kwa kula samaki wenye zebaki.

Pili, zenye haidrokwinoni. Zikitumiwa muda mrefu huleta mabaka meusi ambayo ni vigumu kuyaondoa. Anayekimbia weusi huishia kuupata kwa namna nyingine.

Tatu, zenye dawa kali za steroidi. Hizi ni dawa za hospitali, lakini sokoni huuzwa kama mafuta. Hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikachanika michirizi, na kidonda kikachelewa kupona.

Kabla ya kununua, someni boksi, au mwombeni kijana anayesoma awasomee. Mkiona neno Mercury, Calomel, Hydroquinone, Clobetasol au Betamethasone, rudisheni. Ikiwa hakuna maandishi kabisa, au ni mkorogo uliochanganywa na muuzaji mwenyewe, rudisheni vilevile.

Na kama umekwisha kutumia, usijifiche kama binti yetu. Nenda kituo cha afya pamoja na boksi lako. Ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka zaidi ikiachishwa ghafula, kwa hiyo ni vema muuguzi au daktari akuongoze.

3. Utunzaji wa ngozi kwa vitu vya nyumbani

Haya tumeyakusanya kwa mama zetu wa kanisa, na tumemwuliza muuguzi mmoja mwamini ayapitie.

Kuosha uso. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kuogea. Sabuni ya kufulia ni kali, hukausha ngozi ikapasuka. Usisugue kwa nguvu. Mara mbili kwa siku yatosha.

Kupaka mafuta. Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato yanafaa kabisa. Pia yafaa mafuta ya shea yanayotoka kaskazini ya Uganda, ya nazi au ya alizeti. Kidogo tu, tone la kutosha kiganja.

Parachichi na asali. Chukua parachichi lililoiva kupita kiasi, lile ambalo watoto hawalitaki tena. Ponda vijiko viwili, changanya na kijiko kimoja cha asali. Paka usoni dakika 15, kisha osha. Yalainisha ngozi iliyokauka wakati wa kiangazi. Mara ya kwanza jaribu upande wa ndani wa mkono, ungoje siku moja. Ukiwashwa, acha.

Visigino vilivyopasuka. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu dakika 15, sugua polepole kwa jiwe la miguu, kausha, paka mafuta, vaa soksi, ulale. Fanya hivyo kila usiku wiki mbili.

Nywele. Msuko unaouma unang'oa nywele. Mtoto akilia anaposukwa, legeza. Nywele zinazokatika pembeni mwa paji la uso kwa kubanwa miaka mingi zinaweza zisirudi.

Mambo ya kuepuka. Usipake limau usoni kisha ukatoka juani, maana maji yake pamoja na jua huunguza ngozi na kuacha alama. Usipake dawa ya meno kwenye kidonda cha moto. Na usifunike upele kwa mafuta. Mtoto anayejikuna usiku kati ya vidole, na ndugu zake pia wanajikuna, huenda ana upele unaoambukiza. Huo unahitaji dawa, na nyumba nzima hutibiwa siku moja, pamoja na kufua nguo na shuka. Mashilingi ya kichwani nayo hayaponi kwa mafuta, huhitaji vidonge vya kituo cha afya.

4. Mkate wa sufuria

Tunarudi kwa binti yetu. Pesa ya keki ilikuwa imekwisha. Mama wanne wa kanisa wakakutana, kila mmoja akaleta alichokuwa nacho: huyu unga, yule sukari, mwingine mafuta, wa nne makaa. Wakaoka mikate sita mitamu. Arusi ikafanyika, tukala, na hakuna aliyeuliza keki iko wapi. Hii ndiyo namna yao, kwa mkate mmoja.

Vinavyohitajika: unga wa ngano vikombe 4 vya chai, hamira vijiko vidogo 2, sukari vijiko vikubwa 2 (mkitaka mtamu, 5), chumvi kijiko kidogo 1, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3, maji ya vuguvugu kikombe 1 na robo.

Kukanda. Changanya vitu vikavu, tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo. Maji yasiwe ya moto. Hamira ni kitu chenye uhai, na maji ya moto huiua. Kidole kikivumilia bila shida, ndiyo kiasi. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na livutike. Funika kwa kitambaa safi, uache saa moja hivi, mpaka liwe mara mbili.

Kuumua tena. Bonyeza hewa itoke, fanya mviringo, weka katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Acha nusu saa.

Kuoka. Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko bapa. Mimina mchanga mkavu ndani, unene wa vidole viwili, uweke juu ya jiko dakika 10 upate moto. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, funika ile kubwa, kisha panga makaa yanayowaka juu ya mfuniko. Siri iko hapa: makaa machache chini, mengi juu. Moto mwingi chini huunguza tumbo la mkate kabla ndani hakujaiva. Baada ya dakika 35 au 40, toa mkate, ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama kitu kitupu, umeiva. Ngoja upoe kabla ya kukata.

Kwa wenye unga wa mahindi. Kikombe kimoja kati ya vile vinne kinaweza kuwa cha mahindi yaliyochekechwa. Ukizidisha, mkate hauumuki, kwa sababu mahindi hayana ule unato wa ngano unaoishika hewa.

Onyo. Jiko la makaa liwe nje, kamwe lisiwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Na mtoto asikae karibu na mfuniko wenye makaa.

Ushauri wa mama zetu: okeni kwa vikundi. Jiko moja likishapata moto linaoka mikate mitatu mfululizo, na makaa yanapungua kwa kila nyumba. Vipande vichache vikiuzwa, hununua unga wa safari nyingine.

5. Tujifunze kwa mjane wa Sarepta

Posho ilipoanza kugawanywa kwa makundi hapa Uganda mwaka 2023, nyumba nyingi zilimkumbuka mjane yule. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akiokota kuni za mlo wa mwisho. Eliya aliyemjia alikuwa mgeni, mtu aliyetafutwa na mfalme. Mungu hakumletea mjane pipa jipya kwanza. Alianza na ule unga na yale mafuta yaliyokuwamo nyumbani, na mkate wa kwanza ukamwendea mgeni.

Hatusemi kwamba njaa ni kitu kidogo. Tunajua siku ambazo hakuna hata konzi. Ila tunasema hivi: unga na mafuta yaliyomo nyumbani yasiuzwe kwa ajili ya sumu ya kuuharibu uso ambao Mungu ameuumba. Na pale yanapopatikana, yatumike kwa furaha, bila haya.

Binti yetu bado ana mabaka mashavuni. Muuguzi amesema yatachukua muda mrefu, na huenda mengine yasiondoke. Jumapili yeye hukaa mbele, uso umepakwa mafuta ya kawaida, naye ndiye anayewasomea mama zetu maandishi ya maboksi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Zaburi 104:15 inataja mafuta na mkate pamoja?
2. Baba, ni maneno gani unayowaambia binti zako juu ya rangi yao? Na vijana, mnaposifu weupe wa msichana, mnamfundisha nini?
3. Je, kuna kitu kimefichwa chini ya godoro nyumbani kwetu kwa sababu ya kuogopa kukemewa?
4. Ni jirani gani ambaye tunaweza kuoka naye mwezi huu, hata kama si wa kanisa letu wala wa kabila letu?

Ombi

Baba yetu, asante kwa mwili ulioutengeneza na kwa mkate wa leo. Utusamehe sisi wachungaji tulipokemea bila kufundisha. Waponye walioumizwa na dawa mbaya. Ubariki unga na mafuta ya kila nyumba, na yasipungukiwe. Katika jina la Yesu, Amina.