Karai la Paka ni Kazi ya Nani?



Katika mafundisho ya ndoa tunazungumza sana juu ya fedha, wakwe na ulevi. Leo naomba tuzungumze juu ya karai la paka. Usicheke, ndugu msomaji. Nimekaa katika vikao vya kupatanisha mume na mke ambapo ugomvi ulianza kwa jambo dogo kuliko hilo.

Huku kwetu Kitui na Makueni paka si pambo la nyumba. Tunamfuga kwa sababu ya panya. Mkishavuna mahindi, kunde na ndengu, magunia yakiingia ndani, paka naye hufungiwa humo usiku ayalinde. Mchana hujisaidia shambani akafukia. Usiku mlango umefungwa, basi tunamwekea mchanga mkavu katika karai kuukuu. Mchanga hatununui, mito yetu ya Tiva, Thua, Kaiti na Thwake huwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Shida huja asubuhi: nani ataumwaga?

Nyumbani kwangu alikuwa mama watoto. Paka nilimleta mimi, lakini uchafu wake nilimwachia yeye. Siku ya tatu harufu ilisambaa, yeye akanung'unika, mimi nikaongeza sauti ya redio. Alipokuwa mja mzito wa mtoto wetu wa nne, muuguzi wa kliniki alimwuliza kama tunafuga paka, na ni nani anayemsafishia. Aliporudi akanieleza. Nilinyamaza, maana jibu nililijua.

Sababu ya swali hilo ni kijidudu kiitwacho toksoplazima. Kiligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis, ndani ya mnyama mdogo mfano wa panya, lakini ni karibu na mwaka 1970 tu wataalamu walipothibitisha kwamba hukamilisha uzazi wake ndani ya matumbo ya paka. Kwa hiyo tusiwalaumu wazazi wetu kwa kutolijua. Paka anayekula panya au nyama mbichi hukipata, kisha kwa wiki moja hadi tatu hivi hutoa vijiyai vyake katika kinyesi. Mtu mzima mwenye afya huenda asihisi lolote. Lakini mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo.

Hapa, akina baba, nawaomba msimame kidogo. Mimba inapoharibika katika vijiji vyetu, mara nyingi mke ndiye hutazamwa vibaya. Mkwe atanong'ona, jirani atataja uchawi. Siwaambii kwamba kila mimba iliyoharibika imeletwa na paka. Sababu ni nyingi, na za kupimwa hospitalini. Nasema tu kwamba mwanamume aliyeacha karai mikononi mwa mke wake mjamzito hana haki ya kumnyoshea kidole.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Vijiyai vikitoka havina nguvu ya kuambukiza papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano. Ndiyo maana kinyesi kitolewe kila siku, si kila Jumamosi. Tumia koleo dogo au kipande cha bati, si mkono. Kimwage ndani ya choo cha shimo au ukifukie kwenye shimo refu. Usikitupe katika bustani ya sukuma wiki. Wala usirudishe mchanga huo mtoni, kwa maana huko huko ndiko akina mama huchimba visima vya maji ya kunywa, na vijiyai hivyo huweza kuishi katika udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka.

Mkibadilisha mchanga, limwagieni karai maji yanayochemka. Najua maji kwetu yanatoka mbali kwa punda, lakini birika moja latosha. Dawa ya kung'arisha nguo haiui vijiyai hivi. Moto ndio huviua. Wengine huongeza majivu kama tunavyofanya chooni. Msifanye hivyo: majivu yakilowa mkojo huwasha nyayo za paka na kuzidisha harufu, naye atahamia kwenye gunia la ndengu. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Mama mjamzito asiliguse karai hilo kabisa. Kama mume yuko kazini Nairobi au Mombasa, kijana mkubwa afanye, na pasipokuwa na mtu, mama avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi na anawe vizuri. Avae hivyo pia anapopalilia. Paka mwenyewe hana haja ya kufukuzwa. Kumshika si hatari kubwa. Tena nyama isiyoiva huambukiza vilevile, hata ile nyama choma tunayoisifia sokoni ikiwa bado ina damu ndani.

Mimi sasa hulitoa karai kabla ya chai. Siku za kwanza jirani mmoja alinicheka akiwa ng'ambo ya ua. Baadaye aliniuliza koleo nililinunua wapi.

Kwa kuzungumza ninyi wawili jioni ya leo: Nani alimleta paka nyumbani kwenu? Na nani alimwaga mchanga wake asubuhi?