Chungu Kisicho na Nyama: Kijitabu cha Jikoni kwa Kaya za Wandegeya

Wandegeya inajulikana Kampala nzima kwa kuku wa kuchoma na kwa rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Hiyo ni sifa ya kando ya barabara. Ukiingia ndani, kwenye vyumba vya wapangaji wa Kivulu na Katanga, kwenye hosteli za wanafunzi wa Makerere na nyumba za wanaofanya kazi Mulago, siku nyingi za wiki chungu hakina nyama. Kuna posho, yaani ugali, na maharage, matoke na mchuzi wa karanga, viazi vitamu na mchicha tunaouita dodo. Mwanafunzi aliyeishiwa katikati ya muhula hula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, wala hajui kwamba kuna watu mbali huko wanaolipa pesa nyingi kufundishwa kula hivyo.

Kwa hiyo hatuji kukuletea chakula kigeni. Wapo wanaoacha nyama, samaki, maziwa na mayai kwa sababu ya imani, wapo wanaoacha kwa ajili ya afya au kwa kuwahurumia wanyama, na wapo wengi zaidi ambao mfuko ndio uliowaamulia. Kwa wote hao mwili unadai vitu vile vile. Chakula cha mimea tunacho, tena kizuri. Kinachotuponza ni namna tunavyokipika, na mapengo machache ambayo hatuyazibi.

Maharage na mkaa wake

Mkaa ni gharama ambayo wengi hawaiingizi kwenye hesabu ya chakula. Maharage makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa mbili hadi tatu, na muda wote huo sigiri, jiko letu la mkaa, inadai iongezwe. Sehemu kubwa ya mkaa wa Kampala ilikuwa ikitoka kaskazini mwa nchi, Acholi na maeneo jirani, na Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara huko. Miongoni mwa miti iliyokuwa ikiangushwa ni mshea, ambao mbegu zake huwapa watu wa kaskazini mafuta ya kuungia mboga. Yaani sisi tulikuwa tukichemsha maharage yetu kwa mti wa mafuta ya jirani.

Dawa ya kwanza ni kuloweka. Jioni, chagua maharage, toa mawe na yale yaliyotobolewa na wadudu, osha, kisha yafunike kwa maji mengi, kiasi cha mara tatu yake, uyaache hadi asubuhi. Maji hayo yamwage, maana yamebeba sehemu ya kile kinacholijaza tumbo gesi. Tia maji mapya, weka motoni, na yakishaanza kutokota yaache yachemke kwa nguvu dakika 30.

Hapo ndipo kapu linapoingia kazini. Chukua kapu pana au boksi gumu, litandike ndani majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu, unene wa kiganja, chini na pembeni. Sufuria ikiwa bado inatokota na kifuniko chake kimekaza, itumbukize, ifunike juu kwa blanketi au mto, halafu uende zako kazini au darasani. Baada ya saa tatu au nne utakuta maharage yamelainika na sufuria bado ni ya moto. Irudishe motoni ichemke tena kabla ya kuunga vitunguu na nyanya. Chakula kilichoachwa vuguvugu saa nyingi ni shamba la vijidudu. Kama una umeme wa uhakika, sufuria ya presha ya umeme itafanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi zaidi. Kapu halina bili.

Usiruke zile dakika 30 za kuchemsha. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo mtokoto mkali huiharibu, lakini joto dogo la kapu peke yake haliiwezi. Anayeyala kabla hayajaiva vizuri hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Na wale wanaotia magadi ili yaive haraka, wajue kwamba magadi huharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi ambayo mwenye presha haihitaji. Kuloweka kunatosha.

Ukiwa sokoni au kwa wauza mbegu, ulizia pia maharage ya NAROBEAN. Ni aina ambazo taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, NARO, ilizitoa mwaka 2016. Zina chuma na zinki zaidi ya maharage ya kawaida, na baadhi huiva upesi.

Jani la mgomba na kaveera

Jambo hili tunalisema bila kuzunguka: ondoa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwenye chungu cha matoke. Limeingia jikoni kimyakimya kwa sababu ni rahisi, halichaniki, na linazuia mvuke usitoke. Lakini mfuko ule ulitengenezwa kubebea vitu, haukutengenezwa kupikia. Ukiukalisha juu ya mvuke kwa saa nzima unalainika, na kemikali zilizochanganywa nao kiwandani huweza kuhamia kwenye chakula. Mfuko mweusi ni mbaya zaidi, kwani mara nyingi hutokana na plastiki iliyoyeyushwa upya ambayo hujui zamani ilibeba nini.

Jani la mgomba linapatikana sokoni Wandegeya, linauzwa hapo hapo penye mikungu. Chagua jani changa, pana, lisilopasuka. Chonga uti wake mgumu kwa kisu upande wa nyuma, kisha lipitishe juu ya moto upande mmoja hadi mwingine mpaka rangi igeuke kijani cha kung'aa na lilegee mkononi. Lisipopitishwa motoni litavunjika ukilikunja. Vipande vya ule uti viweke chini ya sufuria na maji kidogo, juu yake yakae matoke yaliyofungwa ndani ya majani. Jani hilo hilo hufunga luwombo, mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani, na luwombo ya uyoga na karanga, kwa maoni yetu, haina cha kuionea wivu luwombo ya kuku.

Kosa jingine ni kuwashia sigiri kwa kaveera au chupa ya plastiki. Moshi wake una sumu kali, zikiwemo daioksini, na aliye karibu nao zaidi ni mpishi na mtoto aliye mgongoni. Tumia vijiti vikavu, maganda ya mahindi au karatasi. Uganda iliweka marufuku ya mifuko hii katika sheria tangu mwaka 2009. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata 2017 na Tanzania bara 2019, na huko mifuko ilipungua kweli madukani. Kwetu bado unapewa kaveera kwa nyanya tatu. Nenda sokoni na kapu lako, na muuzaji akikufungia, mrudishie.

Karanga: nunua punje

Mchuzi wa karanga ndio utamu wa chungu kisicho na nyama, na una protini na mafuta mazuri. Una hatari moja kubwa, nayo ni ukungu. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini. Kuchemsha hakuimalizi. Kukaanga hakuimalizi.

Unga wa karanga uliokwisha sagwa huwezi kuusoma, maana nzima na mbovu zimeshakuwa kitu kimoja. Nunua punje, zimwage kwenye ungo mchana penye mwanga, na utupe kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye vumbi la kijani au la njano. Hizo mbovu usiwape kuku, wala usizionje kuona kama ni chungu. Zilizobaki zipeleke kwenye mashine zisagwe mbele yako. Saga za wiki moja tu, na uziweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Mboga, limau na chai

Mboga za majani kama dodo, nakati, buga na jobyo zina chuma, ila chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida kuliko cha nyama. Kukisaidia ni rahisi: kamulia limau mbogani baada ya kuepua, au kula pera, chungwa au papai pamoja na mlo. Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Ile chai nzito inayoteremsha kikomando inazuia chuma cha maharage yale yale unayoyala. Isubirishe saa moja. Wanawake walio katika umri wa kuzaa walizingatie hili kuliko wengine.

Mboga ipike muda mfupi, ufunike, na mafuta yawe kidogo. Mafuta meusi yaliyokwisha kukaangiwa mara nyingi usiyarudie. Viazi vitamu nunua vya rangi ya chungwa: aina za Kabode na Vita zilizalishwa hapa hapa Uganda, na Dk. Robert Mwanga, mtafiti Mganda, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo. Kiazi kidogo cha gramu 125 kinampa mtoto vitamini A ya siku nzima.

Sigiri isilale chumbani

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Pika nje, barazani, au penye dirisha na mlango vilivyo wazi. Msimu wa mvua watu huingiza sigiri ndani ili ipashe chumba joto, na hapo ndipo vifo hutokea. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na makaa ya maganda yaliyofinyangwa nayo huitoa vile vile. Mkiona kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa chumba kwa pamoja, tokeni nje mara moja, na mumpeleke hospitali aliyezidiwa.

Maganda

Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Taka nyingi za jiji hili ni za kuoza, maganda ya matoke yakiwa mbele, na zikirundikwa bila hewa hutoa gesi ya methani, inayolipasha joto anga kuliko hewa ya ukaa. Weka ndoo mbili, moja ya maganda na moja ya mengineyo. Wafuga mbuzi na ng'ombe wa pembezoni hutafuta maganda mabichi, na yaliyokaushwa hutengenezwa makaa kwa kuchanganywa na vumbi la mkaa na uji wa muhogo. Ganda likishafungwa ndani ya kaveera pamoja na nepi ya mtoto, hakuna atakayelitaka.

Vitamini ambayo chungu hiki hakina

Vitamini B12 haipo kwenye mimea. Haipo kwenye maharage, karanga, uyoga wala mboga za majani, hata zingeliwa kwa wingi kiasi gani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweza kutunza akiba ya miaka. Ndiyo maana mtu huacha nyama akajiona mzima, kisha miaka mitatu baadaye akaanza kufa ganzi miguuni, kuchoka na kusahau. Unga wa ngano wa viwandani wenye alama ya F umeongezwa B12, lakini usiutegemee peke yake. Asiyekula kabisa chochote cha mnyama anahitaji vidonge, na vinapatikana maduka ya dawa.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe kwenye mimea mitupu kwa uamuzi wa nyumbani. Mtoto wa umri huo tunashauri apate yai, maziwa au mukene (dagaa) iliyosagwa ndani ya uji wake, hata kama wazazi hawali. Kama familia imeshikilia msimamo wake, mama azungumze na mhudumu wa afya mapema, tangu kliniki ya ujauzito. Na yeyote anayekwenda kupimwa damu kwa uchovu au ganzi aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, na tangu lini.