Umenunua Kisima: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Almasi ya Mto

Nilizaliwa Mwadui, baba yangu akifanya kazi mgodini, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo lilitosha kunifanya niijue almasi. Ukweli ni kwamba sisi watoto wa Mwadui hatukuwahi kushika hata moja. Tulichokijua ni uzio, malori na walinzi. Almasi yenyewe nilikutana nayo uso kwa uso mwaka 2009, katika soko la dhahabu la Deira, Dubai, nilipokwenda kumnunulia mke wangu pete ya miaka 25 ya ndoa yetu. Alikuwa ameomba jiwe la mkato wa mto: la pembe nne, ila pembe zake zimelainishwa kama za mto wa kulalia. Nilichagua na kulipa ndani ya nusu saa. Wewe unayeweka akiba sasa, nakusihi usome kwanza yaliyonipata.

1. "Mto" ni jina la ukoo, si jina la mtu

Muuzaji aliniwekea mawe mawili juu ya kitambaa cheusi. Yote aliyaita mto. Moja lilimetameta kwa vijichembe vingi sana, kama bahari ya saa sita mchana. La pili lilikuwa na vipande vikubwa vya mwanga na kivuli vilivyopokezana kila alipoligeuza, kama jua linavyopenya kwenye majani ya mwembe. Nilidhani moja ni zuri na jingine lina kasoro. Sikuuliza.

Baadaye nilielewa kwamba ni mikato miwili tofauti. Mto wa asili unatokana na almasi zilizokatwa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, zama za kuangaziwa na mishumaa, ambapo nyuso za jiwe zilikuwa chache na pana. Mnamo 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu zake za almasi ya duara, na duara likatawala soko. Mto uliporudi, wakataji wengi walikuwa wameongeza safu ya nyuso ndogo upande wa chini wa jiwe, na hapo ndipo vile vijichembe vinapotoka. Cheti cha maabara ya GIA ya Marekani hutofautisha aina hizo kwa neno moja tu: ukiona *modified*, maana yake mkato umerekebishwa. Mara nyingi jiwe la namna hiyo ndilo lenye kumetameta kwa vijichembe, ingawa si lazima.

Hakuna lililo bora kuliko mwenzake. Lakini mke wangu alipenda mwanga wa mwembe, nami nikamletea bahari. Ningejua kama ningemuuliza kabla ya safari.

2. Mizani hupima uzito, jicho hupima upana

Miaka miwili baadaye mimi na mke wangu tulikuwa Muscat kumtembelea shangazi yake, naye akatupeleka Mutrah kwa sonara mmoja mzee, mzaliwa wa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilinikumbusha redio za utotoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaiona pete kidoleni kwa mke wangu. Akaiomba. Hakuitazama kwa juu kama watu wote wanavyofanya. Aliigeuza ubavu.

"Mwanangu," akaniambia, "umenunua kisima. Maji ni mengi, ila yapo chini."

Akachukua kipimo chake. Jiwe langu lilikuwa la karati 1.50, yaani gramu 0.3 kamili, maana karati moja ni gramu 0.2. Kwa juu lilikuwa na milimita 6.2 kwa 6.0. Kina chake kilikuwa milimita 4.7, asilimia 78 ya upana. Kisha akatoa mto mwingine, wa karati 1.30, akauweka kando yake. Ule mwepesi ulionekana mkubwa zaidi: milimita 6.4 kwa 6.3, kina 4.1. Nilizitazama namba hizo mara tatu. Nilikuwa nimelipia karati 0.20 ambazo hakuna mtu angeziona tena, zilizofichwa tumboni mwa jiwe na katika ukingo wake mnene.

Kilichonishangaza zaidi ni sababu. Bei ya kila karati hupanda ghafla uzito unapofika namba zinazopendwa, kama 1.00 au 1.50. Mkataji aliye na jiwe ghafi linaloweza kumpa 1.30 iliyo nzuri au 1.50 iliyonenepa, ana kila kishawishi cha kuliacha linenepe. Jiwe langu halikufika 1.50 kwa bahati. Lilifikishwa. Hakuna aliyenidanganya, mimi ndiye niliyeingia dukani nikitaja namba kabla ya kusema chochote kingine.

Siku hizi, kabla ya bei, ninauliza milimita. Ninapenda kina kisichozidi sana asilimia 68, na kikipita 70 ninataka nionyeshwe jiwe kwa ubavu. Kumbuka pia kwamba hata mto uliokatwa vizuri huonekana mdogo kuliko duara la uzito uleule: duara la karati moja lina kipenyo cha milimita 6.5 hivi, na mto wa karati moja mara nyingi hauvuki 6 kwa upana.

3. Cheti hunyamaza penye swali kubwa

Cheti changu nilikihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Rangi G, usafi VS1, na chini yake maneno mawili yaliyonipa usingizi mzuri: ung'arishaji bora kabisa, ulinganifu bora kabisa. Niliamini hiyo ndiyo alama ya mkato.

Sivyo. Ung'arishaji unaeleza jinsi nyuso zilivyosuguliwa. Ulinganifu unaeleza jinsi zilivyopangana. GIA ilipoanza kutoa alama ya mkato mwaka 2006, iliitoa kwa duara peke yake, kwa sababu mito hutofautiana mno kwa umbo na mpangilio. Kwa hiyo cheti kinaweza kukusifia jiwe lililosuguliwa kwa ustadi mkubwa huku mwanga ukiingia juu na kuvujia chini. Kazi ya kuhukumu mkato imeachiwa wewe, na ni wewe unayeijua kidogo kuliko wote waliopo dukani.

4. Toka nje na jiwe

Taa za sonara ni vitone vidogo vikali vinavyopangwa kwa makusudi. Chini yake hata kipande cha chupa hutoa cheche. Jioni ya kwanza nyumbani Tabata, chini ya taa moja ya sebuleni, nililiona jiwe letu likiwa na kiwingu cha kijivu katikati ambacho Deira hakikuwepo. Mke wangu alikiona pia. Alinishika mkono, akasema ni pete nzuri sana.

Omba ulisogeze jiwe hadi mlangoni, penye kivuli, mbali na jua la moja kwa moja. Lisogeze karibu na uso wako, kisha lirudishe mbali. Likiwa refu kidogo kuliko upana wake, angalia kama kuna giza lenye umbo la tai ya kipepeo linalokatiza katikati na haliondoki unapolitikisa. Na usilitazame peke yake. Jiwe moja daima ni zuri. Weka matatu pamoja, dakika kumi, nawe utaanza kuona usichoweza kukieleza. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kukujibu.

5. Rangi na usafi

Hapa nina machache. Mto hushika rangi kuliko duara, hasa pembeni, ndiyo maana wakataji huutumia sana kwa almasi za manjano. Ukitaka weupe, usishuke sana chini ya H, isipokuwa kama unauweka kwenye dhahabu ya njano. Usafi ni kinyume: ule mto wa vijichembe huficha madoa vizuri, kwa hiyo VS1 yangu ilikuwa fedha ambayo ingenunua mkato bora.

6. Mkataji aliyekubali kupoteza

Oktoba 2022 niliona habari kutoka Hong Kong ikaniamsha kitini. Almasi ya waridi ya karati 11.15 ilikuwa imeuzwa mnadani kwa dola milioni 57.7. Ilikatwa kwa mkato wa mto, na jiwe lake ghafi lilitoka Mwadui, nyuma ya ule uzio wa utoto wangu. Ghafi hilo lilikuwa na karati 32.32. Karibu theluthi mbili iligeuka vumbi, na kila karati ya vumbi lile ilikuwa utajiri. Nilikaa nikiwaza mkono uliothubutu. Tangu hapo, mtu akinisifia jiwe kwa uzito wake, ninatamani kujua lilipoteza nini.

7. Uliza lilipozaliwa

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alinipigia kwa video akiwa Dubai, akitafuta pete ya uchumba. Mbele yake kulikuwa na mito miwili: mmoja wa mgodini, mwingine uliokuzwa maabara, bei yake sehemu ndogo tu ya mwenzake. Yote miwili ni almasi halisi, na kwa macho hakuna sonara awezaye kuitenganisha. Ukweli upo kwenye cheti, na kwenye maandishi madogo ya leza yaliyochorwa ukingoni, yanayosomeka kwa lenzi.

Nilitaka kumwambia achukue wa mgodini. Nilitaka hivyo kwa ajili ya Mwadui na kwa ajili ya baba. Badala yake nilimwomba asome milimita, kisha aipeleke mito yote miwili mlangoni. Alipoigeuza kivulini, ule wa maabara ulitoa vipande vipana vya mwanga vilivyopokezana polepole, na mke wangu, aliyekuwa akichungulia begani mwangu, akasema, "Huo hapo. Ule niliokuwa nautaka."