SOMO LA WIKI: Barabara Hii ni ya Nani?
Mnunuzi wa pamba au mihogo mkoani Mara hupanga nauli kwanza, bei baadaye. Lami ya Mwanza hadi Sirari kupitia Bunda, tawi lake la Makutano–Musoma na daraja la Kirumi kwenye Mto Mara ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Njia za vijijini ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Awali zilikuwa mzigo wa halmashauri. Matengenezo hulipiwa zaidi na tozo ya mafuta, kwa hiyo mwenye lori ameshachangia kila anapojaza tangi. Kalavati likibomoka kijijini wilaya ya Butiama wakati wa masika, barua ipelekwe kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Ikikosea mlango, wiki zinapita na gunia linabebwa kwa pikipiki hadi lami, kwa gharama ya mkulima.