Kura na Dawa: Mazungumzo ya Mzee na Binti

BINTI: Baba, hapa Butembo wangaliko wanaonung'unika kwamba siku za Ebola wagonjwa walipigiwa kura ya dawa. Je, haikuwa dhuluma? Si daktari amchagulie kila mgonjwa dawa imfaayo?

MZEE: Amchagulie kwa ilimu gani, ilhali hapana aliyejua ipi yafaa? Jaribio lile, Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza Novemba 2018 na kufanywa Beni, Mangina, Katwa na mjini humu, liligawa dawa nne kwa wagonjwa 681, wala hapakuwa na aliyepewa maji matupu.

BINTI: Lakini aliyepona baada ya dawa, si dawa ndiyo iliyomponya?

MZEE: Lo! Hilo ndilo neno linichoshalo masikio, na wasomi nao hulisema bila haya. Na kosa lilo hilo hulaumu dawa pia: yako maradhi ya watoto aliyoyabainisha tabibu wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, mwaka 1967: homa, macho mekundu, kisha mishipa ya moyo kuvimba, hayo yatosha. Mwaka 1979 Hirohisa Kato na wenziwe wakaarifu kwamba katika watoto 17 waliopewa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, pasipo aspirini, 11 mishipa yao ilituna; matabibu wengi wakaihofu steroidi kwa miaka mingi.

BINTI: Walitahadhari vyema.

MZEE: Subiri! Katika taarifa ile ile, watoto 7 waliopewa prednisoloni pamoja na aspirini, hapana hata mmoja aliyetuna mshipa. Mbona hilo halikuenea? Kwa kuwa binadamu hupenda habari ya kutisha kuliko habari kamili, binti yangu.

BINTI: Na kura yaingia wapi?

MZEE: Ukitia mbolea hii katika shamba la bondeni na ile katika shamba la kilimani, maharagwe yakistawi bondeni utasifu mbolea au udongo? Vivyo hivyo daktari achaguaye kwa jicho lake, kwa huruma tu, humpa dawa kali yule aliyezidiwa. Akifa, dawa hulaumiwa kwa kosa la ugonjwa. Kura haina huruma wala upendeleo, na wagonjwa wakiwa wengi, mahututi na wenye nafuu hugawanyika takriban sawasawa pande zote, hata tofauti itakayobaki iwe ya dawa. Narudia: iwe ya dawa! Wajapani walipofanya hivyo kwa watoto 248 wenye maradhi yale ya Kawasaki, wa hali ya hatari, wote wakipewa imunoglobulini, yaani kingamwili za damu, na aspirini, na nusu wakiongezewa prednisoloni, ilidhihirika mwaka 2012 kwamba mishipa iliharibika kwa watoto 3 tu katika kila 100 walioongezewa, na 23 katika kila 100 wasioongezewa.

BINTI: Na Ebola?

MZEE: Katika zile dawa nne, ZMapp, iliyotumainiwa tangu zamani, walikufa nayo karibu nusu; mAb114, iliyotokana na damu ya mtu wetu aliyenusurika Kikwit mwaka 1995, walikufa nayo 35 katika kila 100. Na mmoja wa viongozi wa jaribio alikuwa Profesa Muyembe, Mkongomani halisi! Agosti 2019 dawa mbili hafifu, ZMapp ikiwamo, zikaachwa.

BINTI: Kumbe kura huponya!

MZEE: Masikini mimi! Dawa ndiyo iponyayo. Kura hutuzuia sisi tupimao tusijidanganye. Kawaambie hivyo hao wa sokoni, wala usiwaongezee la kwako.