Dondoo Muhimu: Kuonja Wiski Kongwe ya Ayalandi ukiwa Kihoto

Harufu ya matunda katika wiski ya Ayalandi, ambayo kisheria hukomazwa ndani ya mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 3, hutokana hasa na esta, yaani kemikali zinazoundwa alkoholi inapoungana na asidi wakati wa uchachushaji na wa ukomazaji.

Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na alkoholi huvukiza upesi, hivyo mwonjaji hushikilia glasi chini kidogo ya pua, mdomo ukiwa wazi, badala ya kuitumbukiza pua ndani. Karakara au ndizi mbivu kutoka sokoni, ikikatwa na kunuswa kwanza, humsaidia kuitambua harufu anayoitafuta.

Matone machache ya maji huifungua wiski, ila maji ya visima vya eneo hili, ambayo mengi yana floraidi nyingi, hayafai. Barafu nayo huififisha harufu. Funda dogo lizungushwe ulimini kabla ya kumezwa, na ladha ya mbao ikiyafunika matunda, basi pipa limezidi, hata lebo ikijivunia miaka 20.